Nimfundishe, au nimwache agundue mwenyewe?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha fizikia kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata. Darasa moja lina wanafunzi 74. Kwenye mafunzo kazini tuliambiwa mwalimu wa sasa ni mwezeshaji: asitoe majibu, aulize maswali, wanafunzi wachunguze wenyewe. Nilijaribu kwa penduli. Niligawa uzi na mawe, nikawaambia watafute kinachofanya penduli ibembee haraka au polepole. Baada ya vipindi viwili nilivuna kelele, wanafunzi wachache waliofanya kazi ya wote, na makundi saba kati ya tisa yakaandika kwamba jiwe zito hubembea haraka zaidi. Juzi mwenzangu kanitumia makala inayosema tafiti zimeonyesha kwamba mwalimu kufundisha moja kwa moja ndiko kunakofaa. Nishike lipi? Na mthibiti ubora akinikuta naeleza ubaoni, itakuwaje?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kelele.

Nianze na yale makundi saba, maana sehemu kubwa ya jibu lako imo humo. Sikuwepo, ila nimelitazama jaribio hilo mara nyingi kiasi kwamba nadhani najua kilichotokea. Kundi lilikata nyuzi mbili bila kuzipima. Jiwe dogo likafungwa huku, kubwa kule. Mmoja akaliachia kubwa kutoka usawa wa bega, mwenzake akaligusa dogo kidogo tu. Wakatazama mbembeo mmoja kwa macho. Na kabla ya yote hayo, kila mmoja alijua tangu utotoni kwamba kitu kizito kina nguvu, kwa hiyo lazima kiwe na kasi. Jiwe kubwa likaonekana linakimbia, na kweli lilikimbia, kwa kuwa lilianzia juu zaidi. Wakaandika kile walichoingia nacho darasani.

Udadisi walikuwa nao wa kutosha. Walichokosa ni kanuni moja fupi: ukitaka kujua kama uzito una kazi, badilisha uzito peke yake na vingine vyote uviache vilivyo. Wewe na mimi tumeizoea mpaka tunadhani mtu huzaliwa nayo. Hapana, hufundishwa, na kuna utafiti mzuri kuhusu jambo hilihili. Mwaka 2004 Klahr na Nigam, wa Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya na watoto 112 wa darasa la tatu na la nne. Watoto walipewa mipira na mteremko ili wapange majaribio ya kujua nini kinaufanya mpira ufike mbali. Nusu waliachwa wapange wenyewe. Nusu nyingine nao walishika vifaa na kupanga majaribio, ila mwalimu aliwaonyesha jaribio zuri na jaribio bovu, akaeleza kwa nini hili linatoa jibu na lile halitoi. Katika waliofundishwa, takriban robo tatu waliimudu kanuni. Katika walioachwa, haikufika hata robo.

Utafiti ule una sehemu ya pili ambayo watu huisahau. Baadaye watoto walipewa mabango ya kazi za sayansi za watoto wengine ili wayakosoe. Waliokuwa wameimudu kanuni walikosoa vizuri sawasawa, awe aliyefundishwa au aliyeigundua mwenyewe. Mimi hilo lilinishangaza, kwa sababu nilifunzwa chuoni kwamba alichokigundua mtoto mwenyewe hukaa zaidi kichwani. Katika jaribio lile njia haikuongeza kitu. Tofauti ilikuwa idadi ya waliofika.

Sasa makala ya mwenzako. Nadhani imetokana na andiko la Kirschner, Sweller na Clark la mwaka 2006, ambalo ndilo hunukuliwa kila mara. Hoja yao inahusu kumbukumbu. Sehemu ya akili tunayofikiria nayo papo hapo ni ndogo mno. Inabeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Mgeni wa mada akiachwa atafute mwenyewe, nafasi hiyo inajaa kutafuta: uzi uko wapi, nani anahesabu, tulisema tubadilishe nini? Ya kujifunza haibaki. Mjuzi hapati shida hiyo kwa sababu mengi ameshayahifadhi, anayachota bila jasho. Ndiyo maana mwalimu anaona jaribio jepesi na mwanafunzi wake anatoka kijasho.

Mwenzako pengine hakukutumia kilichofuata. Mwaka 2007 Hmelo-Silver na wenzake walijibu kwenye jarida lilelile: mnapiga kivuli. Uchunguzi unaofanywa vizuri una mwalimu ndani yake, una maswali yaliyopangwa, jedwali lililochorwa tayari, na maelezo mafupi yanayotolewa yanapohitajika. Kisha zikaja tathmini za tafiti nyingi kwa pamoja. Alfieri na wenzake, mwaka 2011, walikusanya tafiti 164. Wanafunzi walioachwa wagundue bila msaada walipitwa na waliofundishwa waziwazi, lakini waliochunguza huku wakiongozwa waliwapita wanafunzi wa njia nyingine, wakiwemo wale wa kusikiliza na kufuata. Lazonder na Harmsen, mwaka 2016, kwa tafiti 72, walikuta uchunguzi unazaa zaidi pale penye mwongozo. Ukiwasoma wote kwa utulivu utaona ugomvi wao ni mdogo kuliko kelele zake. Hakuna mtafiti makini anayetetea ulichoambiwa semina, yaani kugawa uzi na mawe kisha kunyamaza.

Nakubali kwamba nami nimewahi kunyamaza. Nikiwa mwalimu mpya niliwapa kidato cha pili betri, waya na balbu, nikatoka nje ya mlango makusudi nisije nikawasaidia. Niliporudi betri zilikuwa za moto, balbu haijawaka hata moja, na kijana mmoja ananieleza kwa furaha kwamba wamegundua umeme ni joto. Waliunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu. Shule ililazimika kusubiri muhula mwingine kununua betri.

Wapo watakaokujibu kwa kumtaja Erasto Mpemba. Kila semina ya sayansi hapa Tanzania lazima atajwe, na ni haki yake. Ila hadithi yake huelezwa nusu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, Lushoto, walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Aliona nafasi kwenye friza inakwisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakawahi kuganda kuliko ya mwenzake yaliyoingia yakiwa hayajachemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipokuja Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, akamuuliza mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne akarudi Dar, akalijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha andiko la pamoja.

Semina huishia hapo na kusema: mnaona, mwacheni mtoto agundue. Itazame tena. Mpemba aliuliza Mkwawa kwa sababu alikuwa amefundishwa kanuni ya Newton ya upoaji, ambayo kwayo kilicho cha moto zaidi hutarajiwa kuchelewa kufika kwenye baridi ileile, na kanuni ile ilipingana na alichokiona. Asiyeijua kanuni hana cha kushangaa. Anakula aiskrimu yake. Tena hakufika mbali mpaka alipopata mtu mwenye maabara aliyelichukua swali lake kwa uzito. Na mpaka leo jambo lenyewe halijaisha: mwaka 2016 Burridge na Linden, wa Uingereza, walipima kwa makini na hawakuuona ushahidi wa kuridhisha, wakaonyesha kwamba hata tofauti ndogo ya kimo ambacho kipimajoto kimewekwa ndani ya chombo inaweza kukupa matokeo ya uongo. Ikiwa watafiti wenye vifaa vya maabara hukwama kwenye kubadili kitu kimoja peke yake, tuwaonee huruma vijana 74 wenye uzi na mawe. Kosa la walimu wale wa zamani ni kulizima swali. Kumfundisha kanuni ya Newton halikuwa kosa.

Basi turudi kwenye penduli yako, nikueleze ningefanyaje kwa vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na darasa hilohilo.

Dakika kumi na tano za mwanzo ni zangu, mbele, na sioni haya. Nafunga jiwe kwenye uzi, nalining'iniza kwenye msumari juu ya ubao. Naonyesha mbembeo mmoja ni upi: kwenda na kurudi mpaka lilipoanzia. Wengi huhesabu kwenda peke yake kuwa mmoja, na kosa hilo likiachwa huharibu kazi yote. Naonyesha urefu hupimwa kutoka kwenye msumari mpaka katikati ya jiwe, si mpaka kwenye fundo. Naonyesha jiwe huvutwa pembeni kwa upana wa kiganja, basi. Kisha nafanya jaribio bovu makusudi: jiwe kubwa kwenye uzi mfupi, dogo kwenye mrefu. Nawauliza, “Kubwa limeshinda. Je, ni kwa uzito wake?” Kila mmoja anaandika kwenye daftari ndiyo au hapana na sababu, kabla mtu hajasema kitu. Daima yupo anayeuona mchezo. Namwacha aeleze, halafu narudia mwenyewe kwa sentensi safi, kwa sababu maelezo ya mwanafunzi wa mbele hayafiki nyuma katika darasa la watu 74.

Linafuata jaribio la uzito, tunalifanya kwa pamoja, hatua kwa hatua. Hapa tatizo huwa ni saa. Huna saa tisa za kupimia, na huzihitaji. Shika simu yako. Piga meza mara moja kuanza, mara moja sekunde 30 zikiisha. Darasa zima linahesabu ndani ya sekunde hizo. Uzi wa mita 1 kwa kila kundi, uliopimwa na kukaguliwa. Mara ya kwanza jiwe dogo, mara ya pili kubwa, urefu uleule. Makundi yote yatapata karibu 15, mara zote mbili. Yaandike yote tisa ubaoni. Kundi lililopata 29 limehesabu kwenda na kurudi kama miwili. Waulize wao wenyewe wagundue walikosea wapi, hilo wanaliweza. Uzito umeondoka kwenye orodha ya watuhumiwa, na wameuondoa wao, ila kwa njia uliyowapa wewe.

Hapo ndipo ninapofungua swali. Naandika ubaoni: uzi wa mita 1 unatupa mibembeo 15 katika sekunde 30, tunataka mibembeo 30 katika muda uleule, tukate uzi wapi? Kila mtu aandike kadirio lake kwanza. Karibu darasa zima litaandika sentimita 50, maana mara mbili ya kasi lazima iwe nusu ya uzi. Wapime. Watapata 21. Usiseme kitu. Kelele zitakazofuata ni za aina nyingine kabisa, utazitambua. Watabishana, wengine watadhani wamekosea kuhesabu na watarudia (warudie, wamejifunza kurudia kipimo bila kuambiwa). Wataanza kushusha: 40, 30. Kundi litakalofika sentimita 25 litakuita kwa sauti. Nusu ya muda wa kila mbembeo, robo ya uzi. Hilo hukulisema, na sasa wana kila kitu cha kulitafutia: wanajua mbembeo ni nini, urefu hupimwaje, na kwamba hakibadilishwi kitu zaidi ya kimoja. Dakika kumi za mwisho nalirudisha darasa ubaoni, nachukua vipimo vyao, nachora jedwali, na ninalieleza waziwazi jambo walilolikuta. Usiliache lielee. Walimu wengi huhitimisha uchunguzi kwa makundi kubandika mabango kitita ukutani na kupigiana makofi, na mabango manne kati ya tisa yana makosa ambayo hakuna aliyeyasahihisha.

Utauliza, je, ni lazima kufundisha kutangulie kila mara? Hapana. Manu Kapur, mtafiti aliyefanyia sehemu ya kazi hii Singapore, ameonyesha kwamba katika hisabati, kumpa mwanafunzi tatizo gumu ahangaike nalo kwanza, kisha ndipo afundishwe, mara nyingi humpa uelewa wa kina zaidi. Wengi husoma hilo kama tiketi ya kurudi kwenye kunyamaza. Lakini kwa Kapur mafundisho hayakosi. Yanafuata baada ya mahangaiko na yanajengwa juu ya majibu mabovu ya wanafunzi. Tatizo lenyewe pia huchaguliwa liwe la kufikika kwa maarifa waliyo nayo, na kwa watoto wadogo wa shule ya msingi matokeo si mazuri hivyo. Swali la kukata uzi ni la namna hiyo: wanahangaika na sentimita 50 kabla sijaeleza. Mimi huanza na swali pale ninapojua darasa lina la kushika. Mada ikiwa mpya kabisa naanza na maelezo. Uamuzi huo ni wako, na utaukosea mara nyingine kama ninavyoukosea mimi.

Kuna mzigo mwingine ambao tafiti za Ulaya na Marekani hazikulazimika kuubeba, nao ni lugha. Wanafunzi wako wa kidato cha kwanza walitoka darasa la saba wakisoma sayansi kwa Kiswahili, na sasa unawataka wachunguze, wabishane na waandike kwa Kiingereza. Ile nafasi ndogo ya akili niliyoieleza juu inajaa kabla jiwe halijabembea. Kundi linaloonekana halijui fizikia mara nyingi limekwama kwenye kusema. Mimi huyaweka ubaoni maneno ya Kiingereza matano au sita ya somo, tunayatamka, naeleza kila moja kwa Kiswahili, kisha naruhusu mabishano ya kundi yaende kwa Kiswahili. Wanapofika kwenye kuandika hitimisho nawapa mwanzo wa sentensi kwa Kiingereza, wamalizie wenyewe. Wapo watakaokuambia unavunja utaratibu wa lugha ya kufundishia. Nimeyasikia miaka mingi, na bado sijaona mtoto anayebisha vizuri kwa lugha asiyoijua. Mtihani ataandika kwa Kiingereza, kwa hiyo sentensi ya mwisho iwe ya Kiingereza, na umsaidie kuijenga.

Kuhusu wachache kufanya kazi ya wote: makundi tisa ya watu wanane ni makubwa mno kwa uzi mmoja. Gawa kila kundi mara mbili, wanne wanne, maana uzi na mawe havina gharama. Mmoja anaachia jiwe, wawili wanahesabu kila mmoja kimoyomoyo, mmoja anaandika. Hesabu za wawili zisipolingana, wanarudia. Zungusha kazi kila kipimo. Na lile kadirio la kwanza liandikwe na kila mtu peke yake, kwenye daftari lake, kabla ya kundi kuongea. Kati ya yote niliyokuandikia, ukichukua hili moja tu utaona tofauti wiki hii, kwa sababu aliyeandika sentimita 50 kwa mkono wake ana shauri lake pale, hawezi kukaa nyuma akichora.

Wenzetu wa Kenya walilifikia jambo hili zamani kwa njia yao. Mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, ulisisitiza shughuli za wanafunzi na majaribio ya vifaa vya kujitengenezea, lakini pia ulimtaka mwalimu apange, atende, atazame kilichotokea, aboreshe. Watu walikumbuka vifaa vya kujitengenezea wakasahau kutazama na kuboresha. Chupa za plastiki zilijaa maabara.

Sasa mthibiti ubora. Hofu yako naielewa, lakini angalia fomu ya andalio la somo unayoijaza kila siku. Ina safu ya shughuli za mwalimu na safu ya shughuli za mwanafunzi, bega kwa bega. Hakuna mahali imeandikwa safu yako ibaki tupu. Shida hutokea pale tunapoandika “mwalimu anaeleza” upande mmoja na “wanafunzi wanasikiliza” upande wa pili, kutoka juu hadi chini. Hapo mkaguzi yeyote ana haki ya kuuliza. Kwa somo la penduli andika hivi: mwalimu anaonyesha jaribio bovu na kuuliza, mwanafunzi anaandika uamuzi wake na sababu. Mwalimu anapima muda; wanafunzi wanahesabu na kurekodi. Akiingia ndani ya zile dakika kumi na tano akakukuta ubaoni, mpe daftari la mwanafunzi wa nyuma kabisa, alione kadirio aliloliandika. Kama daftari hilo ni tupu, basi mthibiti ana hoja, na usimlaumu.

Jambo la mwisho ulilolitaja kwa kupita, kwamba ulitumia vipindi viwili na hukupata kitu. Usiwafutie wanafunzi habari ile. Madaftari yao bado yana sentensi ya jiwe zito. Kipindi kijacho yafungue, isomeni kwa sauti, kisha wagawie nyuzi za mita 1 zilizopimwa.